Machela Haiwekwi Chini

Nilirudi Mpanda kwa treni, nikiwa na sanduku la bati, suti moja ya kijivu na stashahada ya upimaji ardhi iliyofungwa ndani ya nailoni. Nasema hivi bila haya, kwa sababu kila kilichokuwamo katika sanduku lile nilikipata kwa mikono yangu. Ada ya chuo niliilipa kwa kuchoma mkaa na kuuza asali Tabora. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Miongoni mwa watu niliokua nao, wa kwanza kushika karatasi yenye mhuri wa chuo nilikuwa mimi, na katika ofisi ya ardhi ya wilaya mpimaji mwenzangu, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akiniita nimsaidie mahesabu yanapomchanganya.

Jambo moja tu sikulipata kwa jasho. Kwenye fomu ya kazi, mahali pa kujaza nilipozaliwa, niliandika jina la kijiji kimoja karibu na Inyonga. Ukweli ni kwamba niliingia nchi hii nikiwa mgongoni mwa mama yangu, tukikimbia Burundi, na nililelewa katika makazi ya wakimbizi, nusu siku kwa baiskeli kutoka mjini. Mtu wa makazini hakutoka bila kibali. Mimi nilitoka na kibali cha wiki mbili, nikiwa na miaka kumi na sita, nikakaa nje miaka tisa. Niliporudi sikurudi kwa mama. Nilipanga chumba Makanyagio, nikatundika stashahada ukutani, na kwa mama nikawa naenda mara moja kwa mwezi, kwa baiskeli, kama mtu anayekwenda kununua mahindi.

Ilikuwa miaka ya tisini, na ng'ambo ya ziwa kwetu kulikuwa kunawaka tena. Magari ya kijani yalipita mjini yakielekea ziwani, yakiwa na askari waliokaa kimya. Tulisikia kwamba watu wa makazini wanaoishi nje watakusanywa na kurudishwa. Wengine walisema watarudishwa makazini, wengine walisema ng'ambo. Hakuna aliyejua, na kutojua kulikuwa kubaya kuliko kujua. Ofisini walipotaja "wale Warundi", mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutikisa kichwa na kusema kwamba kweli, wamezidi.

Jumamosi alasiri tulikuwa na mdahalo katika ukumbi wa jamii Makanyagio. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuja na kengele ya shule mfukoni. Wasikilizaji walikuwa watu wa reli, walimu, wanunuzi wa tumbaku na akina mama wa sokoni waliokuja kupumzisha miguu. Sijisifu nikisema kwamba watu walikuja kunisikiliza mimi. Wakisikia mpima ardhi anasema leo, viti vilikuwa havitoshi.

Wiki ile bajeti ilikuwa imesomwa redioni, na mada iliandikwa ubaoni kwa chaki: fedha za serikali ziende kwanza jeshini au kwenye huduma za jamii. Nilichukua upande wa huduma za jamii. Upande wa jeshi aliuchukua mzee mmoja wa Ilembo, askari mstaafu aliyepigana vita vya Uganda na kurudi na vidole vitatu tu mkono wa kulia. Daima alivaa kofia ya jeshi iliyochakaa ukingo. Watu walimwita afande hata sokoni, akinunua nyanya.

Yeye ndiye aliyeanza. "Nyie mnasikia milio ya ng'ambo redioni," alisema. "Mimi nimeisikia kwa sikio langu. Msomi, hebu niambie, simba akiingia zizini, unampa panadoli?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Afande, simba hajaingia. Malaria imeingia. Iko humu humu, imekaa benchi moja na sisi."

"Simba hajaingia kwa sababu kuna mtu amesimama mlangoni. Na huyo mtu anakula, anavaa viatu, na bunduki yake haili majani."

"Na mama anayekwenda kujifungua akiambiwa aje na glavu, aje na wembe, aje na mafuta ya taa, huyo mlangoni kwake amesimama nani?"

"Na uzi," alisema mama mmoja wa sokoni kutoka nyuma. "Umesahau uzi wa kushonea."

"Na uzi," nilisema. Ukumbi ukapiga makofi.

Mzee hakutetereka. Alisema zahanati isiyolindwa ni ghala la majambazi. Alisema vitani aliona hospitali nzuri, yenye vitanda vya chuma na mashuka meupe, imechomwa kwa asubuhi moja, kwa sababu upande ule hawakuwa na askari wa kutosha. Aliposema hivyo watu walimgeukia yeye, na nilihisi ukumbi unanitoka. Sikuzoea kushindwa. Nilijua kitu kimoja ambacho kingewarudisha, na kwa sababu nilitaka kushinda, nikakitumia.

Niliwaeleza jinsi wagonjwa wanavyobebwa kule makazini, ambako gari la wagonjwa ni hadithi. Kuna machela ya mianzi iliyosukwa kama kikapu kirefu, kwetu huitwa ingobyi, ingawa pale ukumbini sikuitaja kwa jina hilo. Wanaume wanne huibeba mabegani, na wengine hufuata nyuma wakisubiri zamu. Niliwaambia machela ile haiwekwi chini njiani. Anayechoka hugonga mti wa machela kwa kifundo cha kidole mara mbili. Aliye nyuma huinama, huingia chini ya mti kwa bega la pili, na aliyechoka huchomoka kwa mbele huku miguu yote ikiendelea kutembea. Ikionekana machela imewekwa chini njiani, watu huvua kofia, maana mgonjwa amekwisha kufa.

Sikueleza kwa mdomo tu. Niliinama pale mbele ya ubao, nikaingia chini ya mti ambao haukuwapo, nikapokea uzito, nikapiga hatua fupi za magoti yaliyolegea, jinsi tunavyotembea ili mgonjwa asitikisike. Niligonga hewa mara mbili. Nikachomoka.

"Serikali yenye fedha ya kununua gari la kijani," nilisema, "ikanunue na jeupe."

Makofi yaliyopigwa sijawahi kuyapata tena. Mwenyekiti aligonga kengele mpaka mkono ukachoka. Nilishinda kwa mikono mingi mno hata hawakuhesabu. Wakati naketi nilimwona mzee amevua kofia, ameiweka gotini, ananitazama. Yeye peke yake hakupiga makofi.

Watu walipotoka alinijia mlangoni, akanipa ule mkono wa vidole vitatu.

"Hongera, kijana."

"Ahsante, afande. Na wewe umesema vizuri."

"Ile ya kuingia kwa bega la pili," alisema, taratibu, bila kuuachia mkono wangu, "hiyo hukuisoma chuoni."

Kisha akavaa kofia yake akaenda.

Siku nne zilizofuata sikulala vizuri wala sikula vizuri. Niliitoa stashahada ukutani, nikaitia ndani ya godoro, halafu nikaitoa godoroni kwa sababu mahali pa kwanza wanapopasua ni godoro. Niliifunga kwenye nailoni yake, nikaitia chini ya gunia la mkaa jikoni kwa mama mwenye nyumba, nikamwambia ni ramani. Ofisini mlango wa gari ukifungwa nje, kalamu yangu ilisimama. Nilipima kiwanja kimoja mara tatu, kila mara nikapata jibu tofauti. Nilijiuliza mzee alikuwa anamwona nani jioni, anakunywa chai na nani, ana rafiki gani bado jeshini. Niliwaza kwenda kujitaja mwenyewe. Niliwaza kupanda treni. Treni ilikuwa siku mbili mbele, na niliogopa kwamba nikionekana stesheni na sanduku, hilo lenyewe ndilo litakuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeniuliza bado.

Jumanne mwenzangu wa ofisini alisema, bila kuinua uso, "Kuna mzee wa kofia alikuja kukuulizia ulipokuwa shamba."

"Alitaka nini?"

"Hakusema. Alitaka kujua unaingia kazini saa ngapi."

Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya ofisi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi mpaka kwenye kamba. Hakunisalimu.

"Twende Ilembo," alisema.

"Kuna nini, afande?"

"Mke wangu. Tumbo lake tangu juzi limekaza kama ngoma. Kukaa hawezi. Nilimpandisha kwenye baiskeli jana akazimia. Gari la wagonjwa liko juu ya mawe, halina magurudumu. Nimekwenda kwa vijana wa jeshi. Magari yote yako ziwani."

Alisema hilo la mwisho akiwa ametazama pembeni. Angekuwa mtu mwingine ningemkumbusha mdahalo. Sikuthubutu.

"Mimi nitafanya nini, afande?"

"Machela ninayo. Nimeifunga mwenyewe kwa miti na mablanketi. Nikipata majirani wanne wasiojua, watanitikisia mke wangu mpaka utumbo upasuke. Ilembo kuna vijana watatu wanafyatua tofali karibu na kijito. Wakiiona kofia yangu wanaingia kwenye mahindi. Najua ni wa kwenu. Kwangu hawatatoka. Kwako watatoka."

Alisema "wa kwenu" kama mtu anavyosema leo ni Jumatano. Hapo nililiona jambo lote, au niliamini nimeliona: mke hakuna, tumbo hakuna, mzee ametumwa. Wanataka mmoja awaite watatu, kisha wanne waingie gari moja. Ndivyo ambavyo mimi ningepanga kama ningekuwa wao, na nilikuwa na akili nzuri ya kupanga.

Nilisema, "Nataka kumwona mgonjwa kwanza."

Alinitazama. Nadhani alielewa yote, kwa sababu hakukasirika. "Ni haki yako," alisema.

Nilimfuata nyuma. Kila kichaka cha njia ile nilikipima kwa macho, mtu mmoja anajificha, watu wawili. Nyumbani kwake kulikuwa na wanawake wawili mlangoni, na harufu ya ugonjwa ilinipokea kabla sijainama kuingia. Mkewe alilala ubavu, magoti yamekunjwa, uso umekuwa na rangi ya majivu. Alifumbua macho.

"Huyu ndiye aliyekushinda?" alimwuliza mumewe.

"Ndiye."

"Ni mdogo hivi," alisema, akafumba macho tena.

Haukuwa mtego. Au, nilijirekebisha nikitoka nje, mgonjwa ni kweli na mtego pia unaweza kuwa kweli. Kimoja hakikizuii kingine. Hofu yangu haikupungua hata chembe. Ilipata tu sura ya mwanamke ndani yake.

Kule kijitoni tofali mbichi zilikuwa zimepangwa kwa mistari, mamia kwa mamia, zimefunikwa nyasi zisipasuke kwa jua. Kalibu ya mbao ya kufyatulia ilikuwa bado na udongo mbichi. Watu hakuna. Mzee alibaki mbali, na alikuwa ameivua kofia bila kuambiwa. Nilisimama mbele ya mahindi, na suti yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nikafungua mdomo hadharani nikaongea lugha ya mama yangu. Nilisema kuna mgonjwa wa kubebwa. Nilisema jina la kitongoji cha makazini nilikokulia, na jina la baba yangu. Sauti yangu mwenyewe ilinitisha, kama ya mtu aliyekuwa nyuma yangu siku zote.

Walitoka mmoja mmoja. Mkubwa wao, mwanaume wa miaka arobaini hivi mwenye matope mpaka kwenye viwiko, alimtazama mzee kule mbali, kisha akanitazama viatu.

"Huyo ni nani kwako?" aliniuliza kwa lugha yetu.

"Si mtu wangu. Mke wake anakufa."

"Ukituuza?"

"Na mimi nitakuwa nimejiuza. Nitabeba mbele."

Alifikiri muda mrefu kiasi kwamba nilianza kutumaini atakataa. Ningerudi nimwambie mzee wamekataa, na yote yangeishia hapo kwenye mahindi. Badala yake alinawa mikono kijitoni, polepole, mpaka viwiko, na wenzake wakafanya vilevile.

Tulimbeba kutoka Ilembo mpaka hospitali, tukapita Makanyagio katikati, jua limepanda, maduka yamefunguliwa. Mimi nilikuwa mbele kulia. Majirani wawili walitufuata ili wapokee zamu, lakini hawakujua kuingia, na baada ya kumtikisa mgonjwa mara moja mkubwa wa wafyatua tofali aliwaambia kwa adabu wabebe maji. Tukabadilishana mabega wenyewe kwa wenyewe, kushoto na kulia, hatua fupi, magoti yamelegea. Koti langu lilichanika begani. Tulipita mbele ya ofisi ya ardhi. Mpimaji mwenzangu alikuwa dirishani na kikombe cha chai, na kikombe kilibaki kati ya meza na mdomo. Akina mama wa sokoni walisimama. Yule wa uzi alisema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe alikuwa anaonyesha alichokifanya." Sikugeuka.

Karibu na reli kulikuwa na kizuizi cha kamba, na mgambo wawili. Mmoja alinyoosha mkono tusimame. Machela haisimami, kwa hiyo tulianza kukanyaga palepale, kama watu wanaotembea ndotoni.

"Nyie wa wapi?" mgambo aliuliza. Alikuwa akiwatazama wale watatu, miguu pekupeku, udongo uliokauka. "Vibali mnavyo?"

Nilimsikia aliye nyuma yangu anapumua kwa mdomo. Niliona kabisa jinsi itakavyokuwa: mti utatoka begani kwangu, machela itawekwa chini pale kwenye changarawe za reli, na mama yule atakuwa amekufa hata kama bado anapumua.

Mzee alipita mbele yetu, akavaa kofia yake.

"Mwanangu," alisema, "hawa ni miguu ya mke wangu. Unataka kibali cha miguu?"

"Afande, tumeagizwa..."

"Najua mmeagizwa. Mimi nilikuwa naagizwa kabla hujazaliwa. Fungua, kisha uandike kwamba nimepita mimi."

Mgambo alinyanyua kamba. Wakati tunapita nilimwona mwenzake ametoa daftari, na macho yake yako kwangu, si kwa mzee.

Hospitalini muuguzi alitupokea mlangoni. Wodi ilikuwa imejaa, wengine walikuwa wamelala wawili kitandani. "Mwekeni hapo chini kwanza," alisema, "nitafute godoro."

"Hatuweki," nilisema.

"Kaka, sakafu ni safi."

"Hatuweki, dada. Tutasubiri."

Tulisimama na mama mabegani, katikati ya korido, watu wakitupita kwa ubavu. Bega langu lilikuwa halihisi tena. Mzee alikuwa ameandikiwa vitu vya kununua, glavu, dripu, uzi, akakimbia kwenda dukani, na niliona jinsi mtu mzima yule anavyokimbia, kofia mkononi, na sikufurahi kwamba nilikuwa nimeshinda mdahalo. Aliporudi bado tumesimama. Mwishowe walimhamisha mgonjwa mmoja, godoro likapatikana, na tukamshusha juu ya kitanda cha chuma. Alipelekwa kupasuliwa mchana uleule.

Nilipogeuka, wale watatu hawakuwapo. Miti ya machela ilikuwa imesimamishwa ukutani, sawasawa, blanketi limekunjwa.

Yule mama alipona. Aliishi miaka mingi na kovu refu, na kila akiniona aliniita mdogo. Mimi sikukamatwa. Wiki mbili nzima nilikwenda kazini nikiwa nimevaa nguo mbili, ili nikichukuliwa niwe na ya kubadilisha. Mwenzangu hakuuliza kitu, akaacha tu kuniita nimsaidie mahesabu. Miaka mingi baadaye, watu wa kwetu walipopewa uraia, nilipanga foleni na wengine, stashahada mkononi, nami sasa nina karatasi mbili za kujivunia. Lakini daftari la yule mgambo sikuwahi kujua lilikwenda wapi, na mpaka leo mlango wa gari ukifungwa nje, mkono wangu husimama.

Jumamosi ya wiki ile tuliyombeba mama, mwenyekiti alitaka turudie mada, kwa sababu watu wa upande wa jeshi walidai hawakupewa muda wa kutosha. Sikwenda. Mzee naye, niliambiwa, hakwenda.

Mvua za kwanza zilipoanza alinikuta napima viwanja Ilembo, akanipeleka kijitoni. Tofali zilikuwa palepale, mistari ileile, bila tanuri, bila moto. Nyasi zilikuwa zimepeperushwa. Mvua ilikuwa imezilamba kona zote, na zile za chini zilikuwa tayari zimeshikana kuwa udongo.

"Niliwatafuta tangu siku ile," alisema. "Nina mbuzi wa kuwashukuru. Waliondoka hata kalibu wakaiacha. Kazi ya miezi yote hii." Alisukuma tofali moja kwa ncha ya kiatu, ikafumuka. "Wewe, wa kwenu hawajakwambia wameenda wapi?"

Nilikuwa nimekwenda kwa mama wiki ile. Nilikuwa nimewaona huko, na yule mkubwa alikuwa ameniuliza kama mama wa tumbo alipona.

Nilimtazama mzee, kofia yake, vidole vyake vitatu. Alikuwa ametuvusha kizuizini. Nilitaka kumwambia.

"Sijui, afande," nilisema.

Alitikisa kichwa, akaiinua kalibu kutoka kwenye matope, akaipangusa, akaondoka nayo kwapani ili isioze.